Alama za Mazoezi Zinakuambia Nini? Mazungumzo kwa Wanaojiandaa na Mitihani ya Kompyuta



Yafuatayo ni maneno ya mazungumzo aliyoyatoa mwalimu wa darasa la jioni la kompyuta hapa Nakivale, ambaye naye ni mkimbizi kutoka Kongo. Tunayachapa kwa sababu wengi waliohudhuria wameomba nakala, na wengi zaidi hawakupata nafasi ya kukaa. Baada ya kusoma, tafadhali mpe jirani yako karatasi hii.

*

Ndugu zangu, akina mama, akina baba na ninyi vijana, hamjambo. Asanteni kwa kuja. Najua wengine mmetoka mbali kwa miguu, na wengine mmeacha chungu jikoni. Kwa hiyo sitawachelewesha.

Leo sikuja kufundisha habari za waya wala za printa. Nimekuja kuzungumza juu ya namba. Kila jioni, tunapofunga darasa, mtu hunifuata mlangoni na kuniambia, "Mwalimu, nimepata 78 kwenye mtihani wa mazoezi. Je, nikafanye ule wenyewe?" Kesho yake huja mwingine, amejiinamia, anasema, "Mwalimu, nimepata 61. Nadhani kompyuta si kazi yangu. Niache?"

Wote wawili wanaitazama namba kana kwamba ni hukumu ya mahakama. Mimi nawaambieni kwamba alama ya mazoezi si hukumu. Ni habari. Ukijua kuisoma, inakuonyesha usome nini kesho. Usipojua kuisoma, inaweza kukufanya upoteze fedha ambazo huna.

Nasema hivyo kwa sababu yalinipata mimi mwenyewe.

JINSI NILIVYODANGANYWA NA 96

Mwaka 2023 nilikuwa najiandaa na mtihani wa CompTIA A+, ule wa watu wanaotaka kazi ya kutengeneza na kuhudumia kompyuta. Ndugu mmoja alinipa flashi yenye maswali 100. Nilikuwa nikimaliza kazi za nyumbani, nikiwalaza watoto, nafungua maswali yale. Mara ya kwanza nilipata 58. Mara ya tatu nikapata 79. Mara ya saba nikapata 96. Nilifurahi sana. Nikaenda kwa akina mama wenzangu wa kikundi cha kuweka akiba, nikakopa fedha za ada, nikapanda gari hadi Mbarara na basi hadi Kampala.

Katika mtihani ule alama ya kufaulu ilikuwa 675. Mimi nilipata 611.

Deni lile nililipa kwa miezi minane. Lakini sikulia kwa sababu ya deni tu. Nililia kwa sababu sikuelewa. Mtu aliyepata 96 nyumbani anawezaje kushindwa? Niliporudi na kukaa chini kuchunguza, niligundua kwamba ile 96 haikuwa imepima elimu yangu. Ilikuwa imepima jinsi nilivyokariri maswali 100. Hayo ndiyo ninayotaka kuwaeleza leo, ili ninyi msilipe ada ya somo hili kama nilivyoilipa mimi.

KWANZA: UJUE MTIHANI WENYEWE ULIVYO

Nitachukua mfano wa A+ kwa kuwa wengi hapa mnajiandaa nao. Cheti hiki kina mitihani miwili, na ni lazima ufaulu yote miwili. Toleo la sasa lilianza Machi 2025. Mtihani wa kwanza una namba 220-1201 na wa pili una namba 220-1202. Kila mmoja una maswali yasiyozidi 90, nawe unapewa dakika 90. Mengi ni ya kuchagua jibu, lakini mengine yanakutaka ufanye kazi kwenye kioo cha kompyuta, kwa mfano kupanga vifaa mahali pake au kurekebisha mtandao usiofanya kazi. Maswali ya namna hiyo hula muda mwingi.

Tazameni basi karatasi au flashi mnayotumia kwa mazoezi. Je, ina namba hizo? Mitihani ya toleo lililotangulia, yaani 220-1101 na 220-1102, ilifungwa Septemba 2025. Humu kambini bado kuna vitabu na mafaili ya matoleo ya nyuma zaidi. Hayafai kutupwa, maana mengi ya msingi hayajabadilika. Lakini alama unayopata kwenye mazoezi ya zamani inakuambia habari za mtihani ambao haupo tena.

PILI: 675 SI ASILIMIA

Watu wengi hukosea hapa. Alama za A+ huanzia 100 na kuishia 900. Mtihani wa kwanza unataka 675, wa pili unataka 700. Mtu huchukua 675, akagawanya kwa 900, akapata 75. Kisha anasema, "Nikipata 75 katika kila 100 kwenye mazoezi, nimefaulu." Hesabu hiyo si sahihi. Kwanza, kipimo chenyewe hakianzii sifuri. Pili, wenye mtihani hawatangazi ni maswali mangapi yanayofanya 675.

Kwa nini hawatumii asilimia tu? Fikirini sokoni. Muuza maharage mmoja ana kopo kubwa, mwingine ana kopo dogo lililobonyea chini. Ukisema "nimenunua makopo kumi", hatujui umenunua kiasi gani mpaka tuweke kwenye mizani. Mitihani nayo iko hivyo. Watu wawili wanaokaa siku moja wanaweza kupewa maswali tofauti, na ya mmoja yakawa magumu kidogo kuliko ya mwenziwe. Kuhesabu majibu sahihi tu ni kama kuhesabu makopo. Kwa hiyo wenye mtihani hupitisha majibu kwenye mizani moja, ili 675 ya leo iwe sawa na 675 ya mwezi ujao.

Mitihani ya makampuni mengine nayo hufanya hivyo. Katika mitihani mingi ya Microsoft, alama ya kufaulu ni 700 kati ya 1000, na wao wenyewe wanaeleza kwamba hiyo si lazima iwe asilimia 70 ya majibu. Mtihani wa mwanzo wa huduma za wingu wa AWS una maswali 65, na kati ya hayo 15 hayahesabiwi kabisa. Yamewekwa ili yajaribiwe kwa ajili ya mitihani ijayo, na mtahiniwa haambiwi ni yapi.

Hivyo basi, unapofanya mazoezi ukapata asilimia fulani, usijaribu kuigeuza iwe alama ya mtihani halisi. Ni kopo lako wewe. Lina faida, lakini si mizani yao.

TATU: MTIHANI ULIOKWISHA KUUONA HAUKUPIMI TENA

Ukirudia maswali yale yale, alama lazima ipande. Macho yanakumbuka kwamba jibu la swali la 14 ni C, hata kama akili haijui sababu yake.

Nitawapa mfano. Kwenye maswali yangu lilikuwapo swali lililouliza hivi: kompyuta imepata anwani inayoanza na 169.254, tatizo ni nini? Nilikariri: "Haikupata anwani kutoka kwa seva ya DHCP." Sahihi kabisa. Lakini swali lile lile linaweza kuja limevaa nguo nyingine. Wanaweza kukuambia kwamba katika ofisi moja watu wanatumiana mafaili wao kwa wao ndani ya chumba, lakini hakuna anayefika kwenye intaneti, kisha wakuulize utazame nini kwanza. Namba 169.254 haimo kwenye swali. Aliyekariri atapita bila kuitambua. Aliyeelewa atakumbuka kwamba kompyuta zinazokosa seva ya DHCP hujipa zenyewe anwani za namna hiyo, na kwamba zinaweza kuongea na jirani zake lakini haziwezi kutoka nje. Atatazama pale.

Kwa sababu hiyo, andika kwenye daftari lako alama ya mara ya kwanza tu, kwa maswali ambayo hujapata kuyaona. Kurudia si vibaya, rudia kwa ajili ya kujifunza. Lakini alama ya kurudia usiihesabu, wala usimtangazie mtu.

Hapa niseme neno juu ya wale wanaouza kile wanachokiita "maswali halisi yaliyovuja". Ukijiandikisha kwa mtihani, unakubali masharti yanayokataza kutumia vitu hivyo. Ukigunduliwa, matokeo yanaweza kufutwa na cheti kikachukuliwa. Hata usipogunduliwa, siku ya kwanza kazini mteja atakuletea kompyuta isiyowaka, naye hatakupa majibu manne ya kuchagua.

NNE: ONDOA BAHATI

Swali lenye majibu manne, mtu asiyejua chochote akifumba macho na kuchagua, atapata moja katika kila manne. Sasa fanyeni hesabu pamoja nami. Mtu ana maswali 100. Anajua kwa hakika 47. Yaliyobaki ni 53, na yote anabahatisha. Robo ya 53 ni kama 13. Basi 47 na 13 ni 60. Anakuja kuniambia, "Mwalimu, nimepata asilimia 60." Lakini anachokijua hakifiki hata nusu.

Si kosa kubahatisha. Siku ya mtihani msiache swali wazi, maana swali lililoachwa wazi haliwezi kukupa chochote. Lakini kwenye mazoezi, weka alama ya kuuliza kando ya kila swali ambalo huna hakika nalo, kabla ya kutazama majibu. Ukimaliza, hesabu mara mbili. Hesabu ya kwanza ni majibu yote sahihi. Hesabu ya pili ni majibu sahihi yasiyo na alama ya kuuliza. Hiyo ya pili ndiyo elimu yako. Tofauti kati ya hizo mbili ni bahati, na bahati hatuwezi kuipakia kwenye basi kwenda nayo Kampala.

TANO: MASWALI 20 NI MACHACHE

Mnajua jinsi mama anavyonunua gunia la maharage. Hatazami konzi moja ya juu tu. Anaingiza mkono pembeni, chini, katikati, ndipo anajua kama yana mawe au yameliwa na wadudu. Konzi moja inaweza kuwa nzuri kwa bahati, au mbaya kwa bahati.

Mtihani wa mazoezi ni konzi iliyochotwa kwenye gunia la mambo yote unayotakiwa kujua. Chukua mtu ambaye kweli anaweza kujibu maswali 70 katika kila 100. Mpe maswali 20. Unategemea apate 14, lakini ni kawaida kabisa kupata 12 siku moja na 16 siku nyingine. Hiyo ni asilimia 60 na asilimia 80, mtu ni yule yule, elimu ni ile ile. Mpe maswali 90. Sasa kwa kawaida atapata kati ya 58 na 68, yaani asilimia 64 hadi 76. Konzi imekuwa kubwa, ukweli umeonekana zaidi.

Kwa hiyo usifurahi mno kwa sababu jana ulipata asilimia 65 ya maswali 20 na leo umepata 75. Tofauti hiyo ni maswali mawili. Na wewe uliyepata 61 ukataka kuacha, je, ilikuwa mara moja tu? Ilikuwa maswali mangapi? Kusanya mitihani mitatu mirefu, ndipo tuzungumze.

SITA: IVUNJE ALAMA VIPANDE VIPANDE

Hili ndilo kubwa kuliko yote. Alama ya jumla huficha mambo. Wenye A+ wametangaza mtihani wa kwanza umegawanywa vipi: simu na vifaa vya kubebeka asilimia 13, mitandao 23, vifaa vya ndani ya kompyuta 25, huduma za wingu na kompyuta ndani ya kompyuta 11, na kutafuta chanzo cha hitilafu 28.

Tuseme umefanya mazoezi ya maswali 90 yaliyopangwa kwa mafungu hayo, na matokeo ni haya:

Simu na vifaa vya kubebeka: 11 kati ya 12.
Mitandao: 14 kati ya 21.
Vifaa vya ndani: 20 kati ya 22.
Huduma za wingu: 8 kati ya 10.
Kutafuta hitilafu: 13 kati ya 25.
Jumla: 66 kati ya 90, yaani asilimia 73.

Ukitazama 73 peke yake, utasema, "Niongeze bidii." Bidii katika nini? Utafungua kitabu ukurasa wa kwanza na kusoma tena habari za vifaa vya ndani, kwa sababu unavipenda na unavijua. Tazama vipande sasa. Umekosa maswali 24. Kati ya hayo, 12 ni ya kutafuta hitilafu na 7 ni ya mitandao. Hayo ni 19. Yaani makosa yako karibu yote yamo katika mafungu mawili. Wiki mbili zijazo usiguse kitu kingine.

Karatasi yangu ya kushindwa ilinionyesha jambo hilo hilo. Chini ya alama kulikuwa na orodha ya mambo niliyokosea, na mengi yalikuwa ya kutafuta hitilafu. Maswali yangu 100 ya flashi yalikuwa na machache sana ya namna hiyo. Nilikuwa nimejipima kwa konzi iliyochotwa upande mmoja wa gunia.

SABA: KILA KOSA LINA SABABU YAKE

Baada ya mazoezi, usikimbilie mazoezi mengine. Muda wa kuchambua makosa uwe mrefu kuliko muda wa kujibu. Kwa kila swali ulilokosa, au ulilolipata kwa kubahatisha, andika herufi moja kando:

(a) Sikujua. Dawa yake ni kusoma, na kushika kifaa chenyewe kwa mikono ikiwezekana.

(b) Nilijua, lakini sikuelewa swali. Mtihani huu haupo kwa Kiswahili, na wengi wetu tunaufanya kwa Kiingereza, ambacho ni lugha yetu ya tatu au ya nne. Swali huuliza ufanye nini kwanza, au jibu lipi ni bora zaidi, au lipi si sahihi. Neno moja dogo likikupita, umechagua jibu la kweli lisilo jibu la swali. Dawa yake si kusoma kompyuta zaidi. Ni kuwa na orodha ya maneno hayo na kuyapigia mstari kila unapofanya mazoezi.

(c) Nilijua, lakini muda uliniishia. Dawa yake ni kufanya mazoezi kwa saa ya mkononi, dakika 90 bila kusimama. Swali linalokwamisha, liruke, utalirudia.

(d) Nilijua, nikabadilisha jibu bila sababu. Dawa yake ni kutobadilisha mpaka uweze kusema sababu kwa sauti.

Wanafunzi wawili wanaweza kupata 65 wote. Mmoja makosa yake mengi ni (a), mwingine ni (b). Ukiwapa ushauri mmoja, umemsaidia mmoja na kumpotezea muda mwingine.

NANE: LINI ULIPE ADA?

Narudia kwamba hakuna alama ya mazoezi inayohakikisha kufaulu. Nitawaeleza kanuni ninayoitumia katika darasa langu. Si kanuni ya wenye mtihani, ni yangu, niliyoipata kwa maumivu. Ninamwambia mwanafunzi alipe pale anapotimiza mambo manne:

1. Amefanya mitihani mitatu mirefu ya mazoezi, ya toleo la sasa, ambayo hakuwahi kuona maswali yake.
2. Aliifanya kwa dakika 90, bila kitabu na bila kuuliza mtu.
3. Mara zote tatu alipata asilimia 80 au zaidi.
4. Hakuna fungu hata moja ambalo yuko chini ya asilimia 70.

Kwa nini 80? Kwa sababu siku ya mtihani kuna safari, usingizi mchache, chumba kigeni na moyo unaokwenda mbio. Acha nafasi ya hayo yote.

Lakini kuna kosa la upande wa pili. Kuna mwanafunzi wangu mmoja, dada hodari, aliyepewa vocha ya mtihani na wafadhili. Alikuwa anapata 84, 86, 83. Kila nikimwambia aende, anasema, "Mwalimu, bado, nataka 95." Vocha ina tarehe ya mwisho. Ilipita. Vocha ile ingeweza kumsaidia yeye au mwenzake, ikaisha bure. Kuogopa kupita kiasi nako ni kutoijua namba. Ukitimiza mambo manne, panga tarehe.

Na ukishindwa? Kwa A+, unaweza kurudia mara ya pili bila kulazimishwa kungoja. Kabla ya mara ya tatu lazima zipite siku 14. Kila mara ada inalipwa upya. Kwa hiyo usirudie kwa hasira. Rudi na karatasi yako ya matokeo, tuivunje vipande, tufanye kazi. Mimi nilikaa miezi minne, nikarudi, nikapata 702. Si alama ya kujivunia sokoni, lakini cheti hakiandikwi kama ulifaulu kwa 702 au kwa 850.

MASWALI YA WASIKILIZAJI

Kijana mmoja: Mwalimu, darasani tuna kompyuta chache na umeme wa jua huisha mapema. Tutafanyaje mitihani mitatu mirefu?

Jibu: Ahsante, mdogo wangu. Mazoezi hayahitaji kompyuta kila mara. Kaeni watu wanne. Mmoja asome swali kwa sauti, kila mtu aandike jibu lake kwenye karatasi, pamoja na alama ya kuuliza pale anapobahatisha. Baadaye kila mmoja aeleze kwa nini alichagua jibu hilo. Asiyeweza kueleza hajui bado, hata kama amepata. Kompyuta itunzeni kwa ajili ya maswali ya vitendo na kwa mtihani mmoja wa saa kamili kila wiki.

Mama mmoja: Mwanangu, mimi niliacha shule darasa la saba. Nimepata 42. Sema kweli, nipoteze muda?

Jibu: Mama, shikamoo. Nitasema kweli. Leo huwezi kwenda kwenye mtihani. Lakini 42 ya mwezi wa kwanza haisemi utakuwa wapi mwezi wa sita. Nionyeshe daftari lako. Mwezi huu ni 42, mwezi ujao ukiwa 50 kwa maswali mapya, unatembea. Ukiwa 42 tena, tutabadilisha namna ya kusoma, hatutambadilisha mama. Na ujue, kabla ya A+ kuna masomo mafupi ya msingi wa kompyuta. Si aibu kuanzia hapo.

Mzee mmoja: Je, majina kwenye kitambulisho changu yakiwa tofauti na yale niliyojiandikishia?

Jibu: Baba, swali hilo linaweza kukugharimu ada yote. Jina ulilojiandikishia lifanane na la kitambulisho. Kabla hujalipa, uliza kituo cha mtihani kama wanakipokea kitambulisho ulicho nacho, na uombe jibu la maandishi.

MWISHO

Ndugu zangu, tulipofika hapa wengi wetu tulipewa namba. Namba ya familia, namba ya kiwanja, namba ya kadi. Tumezoea kwamba namba hutolewa na mwingine, nasi tunaipokea tu. Hii ya mazoezi ni tofauti. Hii unaiandika mwenyewe, kwenye daftari lako, na unaweza kuihoji: umetoka kwenye maswali mangapi? Mapya au ya zamani? Bahati ni kiasi gani? Uko dhaifu fungu lipi?

Ikijibu maswali hayo, imekusaidia, hata kama ni 45. Isipoyajibu haina kazi, hata kama ni 96.

Kesho jioni njooni na madaftari.